Siku moja maishani mwangu: fundi wa makoti ya kaki, Kariakoo

Saa 11 alfajiri. Kabla ya chai naanua kaki. Niliiloweka jana jioni kwenye beseni, nikaianika bila kuikamua. Pamba ambayo haijapita majini hunywea mteja anapoifua mara ya kwanza, na koti likishambana kwapani lawama zote ni za fundi, kiwanda hakitajwi. Wengi wanakata kitambaa moja kwa moja kutoka kwenye jora. Mimi siwezi.

Saa 2. Daladala la Mbagala mnalijua, sina la kuongeza. Nafungua kibanda, naitia mafuta cherehani yangu, Butterfly ya kukanyaga kwa miguu.

Saa 3. Anaingia mzee mstaafu na kaunda suti yake ya zamani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nishonee kama hii, ila mikono iwe mirefu."

Ndiyo ile iliyopewa jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia. Kwa Wakenya imerudi kwa kishindo kwa sababu Rais Ruto anaivaa, ingawa Novemba 2023 Spika wa Bunge lao aliipiga marufuku bungeni. Naomba ruhusa, nafumua kidogo mshono wa bega kwa wembe. Aliyeshona hii alikuwa fundi kweli! Ukingo mmoja umekunjwa ukaumeza mwenzake, halafu nyuzi mbili zimepita juu sambamba. Hakuna ovaloki, ule mshono wa mashine wa kuzuia nyuzi za ukingo zisifumuke, hakuna ncha inayochomoza. Kola imepauka na kuchanika, lakini mshono haujalegea hata kidogo. Naurudishia, nachukua vipimo, tunakubaliana Ijumaa.

Saa 6. Umeme umekatika. Cherehani haijali, pasi ndiyo inayojali. Namtuma kijana akawashe ile ya mkaa.

Saa 8. Wali maharage kwa mama ntilie, harakaharaka.

Saa 9. Dada mmoja ananionyesha picha kwenye simu: koti la buluu la vibarua na wakulima wa Ufaransa, mifuko mitatu ya kubandika, miwili chini na mmoja kifuani kushoto. Bill Cunningham, mpiga picha wa mitindo wa New York, alivaa la namna hiyo miaka na miaka akizunguka barabarani na baiskeli. Dada analitaka, ila nitie bitana ya satini na mifuko iwe ya urembo tu, isifunguke.

Hapo tumebishana. Koti la kazi halina bitana ili lifuliwe kwa sabuni ya mche na likauke upesi. Mifuko ni mikubwa kwa sababu mkono mzima ulihitaji kuingia na kutoka na koleo. Mfuko usiobeba kitu ni kiraka. Bitana ameiacha, mifuko itafunguka, bei bado tunavutana.

Saa 11 jioni. Matundu ya vifungo, kwa mkono. Jirani ana mashine inayoyamaliza kwa dakika, na sare za shule nampelekea yeye. Makoti haya natoboa mwenyewe, nazungusha uzi mzito, kila pigo nalikaza kwa fundo dogo ukingoni, na kwenye pembe narudia mara tatu kwa sababu ndipo kifungo kinapovuta. Macho yanauma. Koti la oda ya gereji limebaki na matundu mawili, nitayamaliza kesho kukiwa na mwanga.

Nafunga kibanda. Dada bado hajatuma advansi.