Jogoo wetu alipogeuka mwenye nyumba

Watoto walimpa jina la Mjumbe, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuingia uani kwetu asihojiwe. Muuza maji alihojiwa. Fundi umeme alihojiwa. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutusalimia kutoka Kilosa na kikapu cha mihogo kichwani, alihojiwa mpaka akapanda juu ya karo la kufulia, na mihogo ikabaki chini.

Tunakaa Kihonda, hapa Morogoro. Kuku nilianza kufuga ili watoto wapate mayai tu, wala si mradi: majike wanane wa kienyeji na banda la mabanzi. Jogoo nilimnunua akiwa pora wa miezi minne hivi, elfu 30, nikaambiwa ana damu ya kuchi, wale kuku wa kupigana. Wanaowajua kuchi watakuwa wameshaanza kucheka. Miguu mirefu, shingo wima, upanga mdogo uliolala juu ya kichwa, na macho ya mtu anayekudai. Mimi niliona urembo.

Na alikuwa jogoo kweli. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonichelewesha. Akipata mchwa hali. Anaudonoa, anaudondosha, anaudonoa tena huku akiita, mpaka majike wafike wale wao. Mwewe akionekana juu, anatoa mlio mmoja mrefu na vifaranga wote wanapotelea chini ya mgomba, uani panabaki kimya kama hapafugwi kitu. Mwaka uliotangulia mwewe alinibebea vifaranga saba. Mwaka wa Mjumbe hakubeba hata mmoja.

Ukorofi ulianza alipofikisha miezi minane. Siku ya kwanza sikuuelewa. Nilikuwa nimebeba ndoo ya njano ya pumba, yeye akashusha bawa moja hadi likagusa udongo, akaja kiupandeupande kwa hatua fupi fupi, vile vile anavyomzunguka jike. Nikacheka, nikadhani ananitongoza. Nilipompa mgongo ndipo akaruka. Kikwaru, ule mwiba wa nyuma ya mguu wake, kilipita kwenye kanga na kuingia kwenye shavu la mguu, na tundu lake lilikuwa dogo kiasi kwamba nilishangaa damu yote ile inatoka wapi.

Ushauri ulikuja wa kila namna. Jirani wa kushoto: mpige teke moja tu, atakuheshimu. Nikampiga. Akajikung'uta manyoya, akarudi. Nikampiga tena, akarudi kwa furaha zaidi, maana sasa alikuwa na hakika kwamba mimi ni jogoo mwenzake na vita ni halali. Mume wangu alitumia fagio la chelewa, na kuanzia siku hiyo Mjumbe alilichukia fagio lenyewe, hata likiwa limeegemezwa ukutani peke yake.

Aliyenisaidia ni bwana mifugo, alipokuja kwa chanjo ya ugonjwa wa mdondo, lile tone moja la jichoni tunalowapa kila baada ya miezi 3. Akanifundisha nimkamate usiku, kwa sababu kuku gizani haoni vizuri na hapigani. Miguu yote miwili katikati ya vidole, kifua kilalie kiganjani, mabawa yabanwe kwapani. "Mama, ukishamkamata usiwe na haraka ya kumwachia. Tembea naye, fanya kazi zako." Akamkata ncha za vikwaru kwa msumeno wa chuma na kuzilainisha kwa msasa. Ncha tu, maana ndani ya kikwaru kuna mfupa wenye uhai na ukizidisha unavuja damu.

Basi kwa wiki mbili nikawa mtu wa kuonekana asubuhi nikinywa chai na jogoo kwapani. Nilichambua mchele naye. Nilipokea wageni naye. Akinisogelea kwa lile bawa lake nilikuwa sirudi nyuma wala sikimbii, namfuata taratibu mpaka ageuke yeye, na akikataa namlaza chini, namshika shingo kwa upole hadi atulie. Na ikafanya kazi. Nikipita na ndoo anasogea pembeni na kujifanya ana shughuli nyingine. Niliwatangazia majirani kwamba nimemfuga jogoo mara ya pili.

Kumbe alikuwa amenijua mimi tu. Nilikuwa nampima kwa kimo changu.

Jumamosi moja mwanangu wa mwisho, wa miaka mitano, alikwenda kuchukua mpira uliobingirikia nyuma ya karo. Jogoo sikumsikia, niliyemsikia ni mtoto. Nilimkuta amekaa chini, viganja usoni, na Mjumbe amesimama hatua moja kutoka kwake akifuta mdomo kwenye udongo, upande huu, kisha upande ule, kama mtu aliyemaliza kula. Jeraha lilikuwa chini ya jicho la kushoto, dogo kama punje ya mchele. Na vikwaru vilikuwa vimekatwa.

Zahanati walilisafisha vizuri, wakauliza kama mtoto amemaliza chanjo zake, hasa ya pepopunda, kwa sababu tundu dogo lenye kina na uchafu wa bandani ndilo pepopunda inalolipenda. Kuhusu jicho, muuguzi hakusema kitu. Aliweka kidole chake kimoja kati ya jeraha na jicho, kikaenea hapo kasoro kidogo, akanionyesha kile kidole.

Jioni ile mume wangu alitaka kisu papo hapo. Mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa na haki ya kwanza ya kulalamika, akamzuia. "Ukimchinja leo utakuwa unalipiza. Mfungieni kwanza. Tukiamua kumchinja, tutakuwa tunapika."

Tukamfungia kwenye kibanda cha pembeni. Kwa siku nne alikwenda na kurudi kwenye wavu hadi akachimba njia. Mtoto hakutoka nje siku zote hizo, na sikumlaumu, kwa sababu ule mlango una kitasa, na kitasa hutegemea mtu akumbuke kukifunga. Nyumba yenye watu sita, mmoja atasahau.

Kuuza ndiko nilikokutaka. Kwa umbo lile angepata mnunuzi hata kabla ya saa nne asubuhi, lakini mnunuzi wa jogoo mzuri kama yule anakwenda kumfuga, na pengine naye ana mtoto wa miaka mitano. Wawili walikuja, nikawaeleza ukweli, wakashukuru na kuondoka. Wa tatu nilipomweleza akafurahi. Hakuuliza habari za mayai wala vifaranga. Alichuchumaa, akamtazama miguu, akagusa pale vikwaru vilipokatwa, akasikitika. Akasema vitaota. Nikajua anampeleka kupigana, nikamwambia jogoo hauzwi tena. Akaongeza bei mara mbili, na ile bei ilinithibitishia.

Kulikuwa na jambo jingine nililokuwa nalisogeza mbele. Mabinti wa Mjumbe, tembe wanne, walikuwa wanakaribia kutaga, na jogoo huyo huyo angeanza kuwapanda. Wafugaji hubadilishana majogoo kwa sababu hiyo. Kwa hiyo hata angekuwa mpole kama njiwa, mwaka ule angeondoka. Kulikumbuka hilo kulinipunguzia mzigo kuliko ninavyopenda kukiri.

Jumapili tukamwomba jirani yetu Mwislamu atuchinjie, ili kila mtu mtaani aweze kula. Mimi ndiye niliyemshika. Nilimtoa kibandani, miguu kati ya vidole, kifua kiganjani, mabawa kwapani, naye akatulia kabisa, shingo imenyooka, akitazama uani kama kila asubuhi. Alidhani tunakwenda kunywa chai. Hapo ndipo nilipojisikia vibaya, na si kabla.

Nyama ilichukua zaidi ya saa mbili kwenye mkaa, pamoja na tangawizi na ndimu, kabla hata ya kutia tui. Firigisi, ambayo kwetu ni ya baba, mume wangu aliiweka kwenye sahani ya mtoto. Akaigeuza geuza, akauliza, "Hii ndiyo iliyonidonoa?" Nikamwambia hapana, hiyo ni ya kusagia chakula. Akala nusu.

Jogoo mpya nilimpata kwa mama mmoja wa Mkundi, kwa kubadilishana na majike wawili. Safari hii sikuangalia miguu. Nilikaa kwenye kigoda chake karibu saa nzima nikiwatazama wajukuu zake wakikimbizana katikati ya kuku, na nikamchukua yule aliyekuwa akisogea pembeni kila mtoto akipita. Mfupi, rangi ya majivu, hana sura. Mayai sikuyaatamisha kwa wiki tatu za mwanzo, maana jike huendelea kutaga mayai yenye mbegu ya jogoo wa zamani kwa wiki mbili na zaidi baada ya kutengana naye, na vifaranga wengine wa Mjumbe sikuwataka. Mapora wake watatu waliokuwepo niliwauza kwa ajili ya supu.

Tembe wanne wamebaki na wanataga vizuri. Mmoja wao, mwekundu, mwenye shingo ndefu, juzi aliniona na ile ndoo ya njano akashusha bawa moja hadi chini, akaja kiupandeupande. Nikasimama. Naye akasimama.