Kazi ileile, wasifu tofauti

Mkataba wangu kwenye kampuni ya utalii uliisha mwishoni mwa Machi, na aliye kwenye biashara hii hapa Arusha anajua maana yake. Masika yameingia, wageni wamepungua, magari yako gereji, na hakuna mwenye haraka ya kuajiri mhasibu mpaka Juni ianze kunukia. Muda basi ninao. Jirani yangu hapa Sakina anasema, "We tuma tu kote, bahati haina mwenyewe." Siafiki. Maombi yanayomwagwa kama njugu husomwa kama njugu.

Mji wetu huu una masoko ya kazi yasiyofanana hata kidogo. Kwenye utalii watu huajiri kwa kuulizana. Simu moja kwa bosi wako wa zamani inaweza kumaliza mambo kabla barua yako haijafunguliwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ni tangazo refu, fomu ndefu zaidi, na kwa Jumuiya kuna suala la mgao wa nafasi kwa nchi wanachama. Serikalini ni Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi mtandaoni, na pale mlango wa kwanza ni namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa.

Vyeti nimevimaliza wiki hii. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi kwamba hati ya matokeo haipokelewi, wanataka cheti chenyewe, tena nakala yenye muhuri wa wakili. Kilichonichelewesha ni herufi. Cheti changu cha kidato cha nne kinasema Ally, NIDA inasema Ali. Wakili ameitazama, akatabasamu, akasema wenye tatizo kama langu huja kwake kila siku. Hati ya kuthibitisha majina inaandaliwa.

Ila kazi kubwa imekuwa wasifu. Ule wa zamani ulikuwa na sentensi hii: "Niliwajibika katika masuala yote ya kifedha ya kampuni." Ukiisoma unabaki na nini mkononi? Nikaifuta, nikajiuliza nilikuwa nafanya nini hasa. Nilikuwa nampa dereva masurufu, fedha za kutumia safarini, kabla hajaondoka kwenda Serengeti. Akirudi ananimwagia mezani risiti za mafuta, nyingine zimelowa, nyingine hazisomeki, nami nakaa naye mpaka hesabu ifunge. Nilikuwa nalipia viingilio vya hifadhi mapema, maana getini hawapokei fedha taslimu na mgeni aliyetoka Ulaya hataki kusikia kwamba malipo hayajaonekana kwenye mfumo. Nilikuwa napeleka ritani za VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa mamlaka ya mapato, TRA, kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi.

Hayo ndiyo niliyoandika. Na hapo ndipo nilipoona kwamba kazi ileile inataka masimulizi mawili. Kwa mwenye kampuni ya utalii naanza na geti: hakuna gari lililokwama kwa ajili ya malipo. Kwa taasisi au serikali naanza na zile risiti zilizolowa, kwa sababu kwao jambo hilo lina jina kubwa, marejesho ya masurufu, na ndilo wakaguzi hulitafuta kwanza. Sijaongeza uongo wowote. Nimebadilisha tu kinachotangulia.

Wadhamini wanatakiwa watatu. Kuna watu huandika majina bila kuomba, mwenye jina anakuja kushtukia simu ya mgeni akiwa sokoni Kilombero. Mimi nimempigia mkuu wangu wa kwanza wa kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepotea hivyo, kulikoni?"

Nikamweleza. Akauliza natafuta wapi, akataka nimtumie tangazo lenyewe ili ajue aseme nini. Huyo ndiye mdhamini. Nimemtumia na wasifu.

Nina daftari la mistari: nafasi, tarehe ya mwisho, wasifu upi nimetuma, nani nimfuatilie. CPA, ile sifa ya juu ya uhasibu, bado ni deni langu, matangazo mengi yanayonivutia yanaitaka, na vitabu viko mezani. Matapeli wa "tuma hela ya fomu" nawafuta bila kuwajibu. Kuomba kazi serikalini hakulipiwi.

Jana usiku baba mdogo amepiga. Amesikia, na ana mtu wake Dodoma. "Nikuunganishe naye?"

"Baba, huyo mtu ana chumba cha ziada?"

"Chumba cha nini tena?"

"Nikipita usaili wa mchujo nikaitwa mahojiano huko, nitahitaji pa kufikia."

Akacheka sana, akasema atamuuliza.