Kipeuo cha Pili cha 2 kwenye Kompyuta Kubwa za Zamani

Mwaka 1971 mwanahisabati Jacques Dutka alichapisha taarifa ya kukokotoa kipeuo cha pili cha 2 hadi nafasi milioni 1 za desimali. Mimi huvutiwa zaidi na mpangilio wa hesabu uliowezesha kazi za namna hii, kwa sababu neno (kipande cha data ambacho mashine hushughulikia kwa mkupuo mmoja) la kompyuta kama IBM 7090 lilikuwa na biti 36, yaani takriban tarakimu 10 tu. Namba ndefu ililazimika kukatwa vipande na kutandazwa kwenye kumbukumbu, nayo programu ikabeba yenyewe kila kinachovuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine.

ENIAC, kompyuta ya awali ya kielektroniki iliyokamilika mwaka 1945, ilitafuta kipeuo kwa kutoa namba witiri mfululizo, kwa kuwa 1 + 3 + 5 na kuendelea daima huleta namba mraba. Njia hiyo hufaa kwa tarakimu chache. Kwa maelfu haifai hata kidogo.

Njia ya Newton huchukua kadirio, hugawanya namba kwa kadirio hilo, kisha hutafuta wastani wa hivyo viwili, na kila mzunguko huongeza tarakimu sahihi karibu maradufu. Kwa hiyo mizunguko ya mwanzo hufanywa kwa namba fupi. Na kwa kuwa kuzidisha kwa njia ya kawaida hugharimu mara nne urefu unapoongezeka maradufu, mizunguko yote iliyotangulia kwa pamoja hugharimu takriban theluthi moja tu ya ule wa mwisho.

Hata hivyo, kugawanya namba ndefu ni kazi nzito, na hapa ndipo ninapoona uzuri hasa. Tukianza na 3/2, kisha kila sehemu yenye kiasi p na asili q tukaigeuza kuwa (2p² − 1)/(2pq), tunapata 17/12, 577/408 na 665857/470832, ambazo ni sahihi kwa nafasi 2, 5 na 11 za desimali. Zote ni namba kamili, hakuna kukadiria popote, na kugawanya hufanywa mara moja tu, mwishoni.

Zaidi ya hayo, p² − 2q² lazima iwe 1 kila hatua, hivyo programu inaweza kulinganisha masalio ya pande hizo mbili baada ya kugawanya kwa namba tasa ndogo, na kulinasa karibu kila kosa la mashine kabla halijaharibu saa nyingi za kazi.