Laifseva Mbili

Juzi kijana wangu aliingia chini ya kitanda kutafuta pampu ya baiskeli, akatoka na laifseva mbili, zile pembetatu nyekundu za kuweka barabarani gari likiharibika. Moja ilikuwa bado ndani ya nailoni yake.

"Mama, mbili za nini? Kwani gari huharibika mara mbili?"

Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia.

Mbili ni kwa sababu ya Zambia. Shemeji alisema ukivuka Tunduma na laifseva moja, polisi wa ng'ambo atakula nawe sahani moja. Akataka na vibandiko: vyeupe mbele, vyekundu nyuma. Hiyo ilikuwa 2014, na shemeji alikuwa mtu wa orodha. Tungeendesha gari langu hadi Cape Town, zaidi ya kilomita 5,000, watu wachange kwa kila kilomita, na pesa zinunue viti vya magurudumu vya watoto wa shule moja.

Nilikwenda ofisi ya bima nikaomba kadi ya njano. Msichana wa kaunta akaniuliza, "Ya gari au ya mtu?" Kumbe ziko mbili. Ya gari ni bima ya COMESA, ya kuvukia mipaka, ya mtu ni ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo Afrika Kusini huidai. (Ya mtu ilikuwa ya miaka 10, mwaka 2016 wakaifanya ya maisha. Kwa hiyo mkono wangu bado una ruhusa ya kusafiri. Gari liliuzwa zamani.)

Halafu Grogan, mtaa wa mafundi wa magari Nairobi. Kibao kinasema Kirinyaga Road, lakini nani hukisoma?

Fundi alifungua redieta injini ikinguruma, maji yakachemka povu. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Nyundo zinagonga, makanga wanaita, mwuza mayai anapita na ndoo ya kachumbari, naye katulia kama mtu anayesubiri simu ipokelewe upande wa pili. Kisha akachomoa kijiti cha oili. Chai ya maziwa kabisa.

"Gasketi imeungua," akamwambia shemeji. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. "Mnaenda wapi nayo?"

"Cape Town."

Aliangalia gari, akatuangalia sisi. "Hii hata Kitengela itawalaza njiani."

Shemeji akamweleza habari za watoto, za viti, za mchango wa kila kilomita. Fundi alisikiliza akijifuta mikono, halafu, kwa mara ya kwanza, akanigeukia mimi.

"Kwa hivyo gari isipotembea, hao watoto hawapati kitu?"

Hakuwa na kejeli. Alitaka kujua tu. Shemeji akaanza hotuba ya kuhamasisha jamii, lakini fundi alikuwa ameshaingia chini ya gari, tunaongea na viatu.

Gasketi, hedi kupelekwa mashine kusawazishwa, tairi mbili, shoku za nyuma. Kufikia Ijumaa, daftari la matumizi lilikuwa limelipita daftari la michango. Tulilijua hilo mimi na shemeji, na hakuna aliyelitamka.

Jumamosi tulikwenda kuchukua gari. Fundi hakupunguza hata shilingi ya kazi yake. Alihesabu noti mara mbili, akachomoa 500, akanipa. "Andika. Fundi."

"Ya kilomita ngapi?" shemeji akauliza.

"Ya kukaa hapa."

Nikaandika hivyo hivyo. Daftari bado ninalo.

Tulikwenda, tukarudi, viti vikanunuliwa, vichache kuliko tulivyoahidi. Sasa kijana amesimama na laifseva kifuani kama ngao, anataka kujua kama yule polisi wa Zambia alizihesabu.

Wala hakuziangalia. Alitaka kadi ya njano. Nikamwuliza, ya gari au ya mtu?