Tulipoihamishia Linux Mashine ya Gemu

Kompyuta tuliyokuwa tukichezea gemu nyumbani kwangu Nyegezi haikuundwa kwa ajili ya gemu. Ilikuwa Dell OptiPlex ya ofisini, yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne, ya aina ile inayoingia nchini ikiwa mtumba na kupangwa madukani katikati ya jiji la Mwanza huku ikiwa bado na gundi mahali palipobanduliwa stika ya ofisi iliyoimiliki kwanza. Niliiongezea RAM hadi gigabaiti 16, nikaiwekea diski ya kasi ya SSD, kisha nikaipachika kadi ya grafiksi ya GTX 1050 Ti, kadi yenye sifa moja iliyonifaa kuliko zote: inatumia wati 75 tu, kwa hiyo nyingi za aina yake hutosheka na umeme wa ubao mama bila waya wa ziada kutoka kwenye pawasaplai. Kila aliyewahi kufungua mashine ya ofisini anajua kwamba waya huo wa ziada kwa kawaida haupo.

Kwa mashine hiyo mpwa wangu, aliyekuwa akiishi kwangu huku akisoma sekondari, alicheza FC 24 (gemu ya mpira wa miguu) na GTA V (gemu ya kuzurura na magari katika jiji la kubuni) kwa ubora wa chini wa picha, nami nikawa naendesha malori ya Euro Truck Simulator 2 usiku, nyumba ikishatulia.

Ndipo ikakaribia Oktoba 14, 2025, siku ambayo Windows 10 ilipangiwa kuacha kupokea masasisho ya kawaida ya usalama. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au cha baadaye, na kwa madai yote mawili mashine yetu haikuwa na jibu. Ilikuwapo njia ya kujiandikisha ili kuongezewa muda hadi Oktoba 13, 2026, lakini niliiona kuwa ni kusogeza tu siku ya kulipa deni. Fundi mmoja wa mjini niliyemwonyesha mashine aliitazama kwa huruma, akaniambia, “Kaka, uza hii, ongezea hela, chukua ya kizazi cha nane. La sivyo nikuwekee Windows 11 kwa kuruka vile vipimo, itakubali tu.” Hakuwa akidanganya, kwa sababu mbinu hiyo ipo, ila mfumo uliowekwa kwa namna hiyo hauna ahadi ya kuendelea kusasishwa, na mimi sikutaka kukaa na mfumo unaonivumilia. Zaidi ya hayo, mashine haikuwa imezeeka kwa kazi niliyoipa. Ilikuwa imekosa sifa kwenye karatasi.

Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, nilikuwa naifahamu tangu chuoni, pamoja na historia yake: kwamba ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, na kwamba msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Nilichokuwa nacho kichwani kuhusu gemu, hata hivyo, kilikuwa kimepitwa na wakati. Tangu mwaka 1993 wapo watu waliokuwa wakiijenga Wine, programu inayowezesha programu za Windows kufunguka ndani ya Linux, na mwaka 2018 kampuni ya Valve ikaijumuisha katika chombo kiitwacho Proton na kukiweka ndani ya Steam, programu yake ya kununulia na kufungulia gemu. Gemu inapotoa maagizo ya kuchora picha kwa Direct3D ya Windows, sehemu moja ya Proton huyageuza kuwa maagizo ya Vulkan, ambayo kadi ya grafiksi inayaelewa hata pasipo Windows. Mwaka 2022 Valve ikaanza kuuza Steam Deck, mashine ya gemu ya kushikwa mkononi inayotumia Linux, na kuanzia hapo watengenezaji wengi wa gemu wakawa na sababu ya kibiashara ya kutoipuuza Proton.

Nilichagua Linux Mint 22.2, mojawapo ya mifumo iliyojengwa juu ya Linux. Faili lake la kusakinishia ni karibu gigabaiti 3, nikalipakua usiku kwa bando la bei nafuu, nikahakiki alama yake ya SHA256 ili nisije nikaandika kwenye flashi faili lililoharibika njiani, kisha nikawasha mashine huku nikibonyeza F12 ili nichague ianzie kwenye flashi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Mint inaweza kufunguka yote kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Tuliitumia hivyo kwanza, tukasikiliza sauti, tukajaribu intaneti, na mpwa wangu akachomeka pedi yake ya USB akiwa na uso wa mtu anayesubiri kuthibitishiwa mashaka yake. Taa ya pedi ikawaka, na mfumo ukaitambua papo hapo bila kudai draiva. Akasema tu, “Sawa, Mjomba,” kwa sauti ya mtu anayeahirisha kesi.

Kazi ngumu ilikuwa gemu zenyewe. GTA V peke yake inazidi gigabaiti 100, na kwa mtu anayeishi kwa bando kuipakua upya si jambo la kupendekezwa na mwenye akili timamu. Bahati nzuri, Proton hutumia mafaili yaleyale ya Windows, kwa hiyo inatosha kunakili folda ya gemu pamoja na kile kifaili kidogo kinachoiarifu Steam kwamba gemu ipo, na Steam itahakiki yaliyomo badala ya kuanza mwanzo. Tatizo ni kwamba gemu zetu zilikuwa kwenye diski ya pili yenye muundo wa NTFS, yaani namna ya Windows ya kupanga mafaili, na Proton haitulii vizuri humo, kwani katika folda zake hutengeneza vielekezi vyenye majina kama “c:”, na Windows haikubali nukta mbili katika jina la faili. Ilibidi tuzihamishe gemu, tuiumbize diski upya kwa ext4, muundo wa Linux, halafu tuzirudishe.

Diski ya nje niliiazima kwa jirani anayepiga video za harusi, anayeishi juu kwenye mawe ambako hata bajaji haifiki. Aliponikabidhi alisisitiza, “Humo mna kitchen party ya mtu, kaka, usinifutie.” Nilitumia rsync, programu ya kunakili kwa amri ya kuandika, badala ya kunakili kwa kipanya, na uamuzi huo ulilipa usiku uleule, kwa maana umeme ulikatika GTA ikiwa katikati. Uliporudi niliandika amri ileile, ikayaruka mafaili yaliyokwisha kufika na kuendelea na yaliyobaki. Kitchen party ilirudi kwa mwenyewe salama.

Baada ya kusakinisha Mint na kuchagua draiva ya Nvidia, tulifungua GTA V. Ulitokea mstari wa kuandaa “shaders” za Vulkan (programu ndogo za kuchorea picha) uliosogea polepole mno, halafu skrini nyeusi, halafu jiji la Los Santos. Dakika za mwanzo picha ilikuwa ikikwamakwama kila tulipoingia mtaa mpya, kisha ikalainika, na baada ya hapo sikuona tofauti na tulivyokuwa tukicheza zamani. Euro Truck ina toleo lake rasmi la Linux, hiyo haikuhitaji hata Proton.

Lakini kuna gemu zilizokataa, na nilikwisha kumwambia kijana kabla hatujafuta chochote. GTA Online, sehemu ya GTA V ya kucheza na wengine mtandaoni, iliongezewa BattlEye, programu ya kuzuia udanganyifu, Septemba 2024, na tangu hapo haiingiliki kwa Linux, ingawa BattlEye yenyewe inaweza kufanya kazi na Proton mwenye gemu akiruhusu. FC 24 nayo ina programu ya kuzuia udanganyifu inayokaa ndani kabisa ya kiini cha Windows, mahali ambapo Proton haina cha kuipa.

“Kwa hiyo FC ndiyo basi?” aliniuliza.

“Kwa mashine hii, ndiyo basi.”

Alinyamaza muda mrefu. Angeweza kudai niache kipande cha diski chenye Windows, na ningekubali kwa shingo upande. Badala yake alileta hoja ambayo sikuitarajia: kwamba FC huchezwa na watu, na watu wako kwenye banda la gemu karibu na stendi, lenye PlayStation, basi mimi nimlipie banda kila Jumamosi, naye hatadai Windows nyumbani. Nilikubali. Alikaa mwenyewe kwenye kibodi, akaifuta FC, akaonyesha kwa kidole gigabaiti zilizopatikana, akaniuliza tunaweka nini hapo. Mapatano hayo yanaendelea hadi leo, isipokuwa amekwisha kuniletea hoja nyingine kwamba bei ya banda imepanda.