Spektra ya sauti kwa FFTW: unda mpango kwanza, data baadaye

Nilikuwa na faili la WAV la sampuli 44,100 kwa sekunde na nilitaka kujua lina masafa gani. Nilitumia FFTW, maktaba huria ya C inayogeuza sampuli za sauti kuwa masafa (ugeuzi wa Fourier), iliyoandikwa MIT na Matteo Frigo na Steven G. Johnson. Kwenye Debian na Ubuntu kifurushi chake ni libfftw3-dev. Kukompaili:

gcc spektra.c -o spektra -lfftw3 -lm

Hizo -l zikae baada ya jina la faili. Ukizitanguliza, linka (programu inayounganisha msimbo na maktaba) huenda ikadai haiijui fftw_execute.

Kilichonitesa ni mpangilio. FFTW haikokotoi papo hapo: unaunda mpango kwa fftw_plan_dft_r2c_1d, kisha unautekeleza kwa fftw_execute. Ukiipa alama ya FFTW_MEASURE wakati wa kuunda mpango, hujaribu njia kadhaa ili ipate iliyo na kasi kwenye mashine yako, na majaribio hayo huyafanya ndani ya safu zako zilezile. Mimi nilikuwa nimeshajaza sauti. Nikaambulia sifuri tupu. Basi: tenga kumbukumbu kwa fftw_malloc, unda mpango, ndipo usome faili. FFTW_ESTIMATE haigusi data, ila mpango wake waweza kuwa wa polepole.

Urefu nao una maneno. Wengi hujazia sifuri hadi 65,536 wakiamini lazima iwe kipeo cha 2. Si lazima. 44,100 ni 2²×3²×5²×7², vigawo ambavyo FFTW inavimudu vizuri, na sekunde moja kamili inakupa hatua ya Hz 1 hasa: ukiiita safu ya matokeo X, X[440] ni Hz 440, bila kupiga hesabu. Kwa kuwa data ni namba halisi, matokeo ni n/2+1 (n ni idadi ya sampuli), yaani 22,051, si 44,100. Ukitenga pungufu ya hapo programu inaweza kuanguka, au mbaya zaidi, isianguke.

Nilihakiki kwa wimbi la sine la Hz 440 lenye kimo 1. Ukubwa wa X[440] ukatoka 22,050, yaani n/2, kwa sababu FFTW haigawanyi chochote. Ukienda kwenye masafa na kurudi kwenye sauti, kila thamani inakuwa imezidishwa kwa n, gawanya mwenyewe. Na c2r, ile ya kurudi, kwa kawaida huharibu data uliyoipa, kwa hiyo weka nakala.

Leseni ya FFTW ni GPL, inayodai programu unayoisambaza nayo iwe huria. Kwa programu ya kufungwa nilihamia PocketFFT, yenye leseni ya BSD, ambayo NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, inaitumia tangu toleo 1.17.