Madaftari Hayalali Tena Nyumbani Kwangu

Kwa miaka mingi hapa Tukuyu nilibeba madaftari ya wanafunzi hadi nyumbani, nikayasahihisha mpaka usiku wa manane katika baridi ya Julai, huku nikijiambia kwamba ualimu ni wito na aliyeitwa na Mungu hapaswi kulalamika. Mwaka jana mwili ulikataa: usingizi ulipotea, kichwa kiliuma kila jioni, na binti yangu akaniuliza kwa nini ninawasikiliza watoto wa shuleni kuliko yeye. Swali lile liliniumiza sana. Nilimweleza mchungaji wetu, naye akanifungulia Marko 6:31, ambapo Yesu anawaambia mitume waliorudi kutoka kazini, wakiwa hawana hata nafasi ya kula, waende faraghani wapumzike kidogo. Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi bila kuona kwamba unanihusu. Sasa ninasahihisha shuleni hadi saa 11 jioni, na kinachobaki kinasubiri kesho. Mkuu wa shule, ninamshukuru kwa dhati, alikubali kunipunguzia zamu. Jumapili baada ya ibada ninamenya ndizi pamoja na binti yangu, naye hunisimulia wiki yake yote.